Doa la Manjano

Katika ukumbi wa nyumba yetu, hapa Mji Mkongwe, ilitundikwa kwa miaka mingi picha ya Bibi yangu, mzaa baba. Niliichora mwenyewe kwa rangi za mafuta mwaka 1999, nikiwa na umri wa miaka 26 na kiburi cha kijana aliyekwisha kujua kuchora uso wa mtu lakini hajajua bado kuiogopa kazi yake. Bibi amekaa juu ya mkeka, uteo umo mapajani, anachagua mchele. Amejifunga kisutu, ile kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, kwani siku hiyo kulikuwa na harusi mtaani naye alirejea mapema kwa kisingizio cha magoti. Hakukubali kukaa bure ili achorwe. Alisema kuwa mtu akikaa bure mbele ya mchoraji hufanana na maiti anayesubiri jeneza, akaagiza aletewe uteo. Kwa muda wa saa tatu vidole vyake vilikwenda na kurudi, chuya huku, kijiwe kule, wala hakuninyanyulia macho ila mara moja, kuniuliza kama nimekwisha.

Kila aliyeingia nyumbani aliisifu ile nyekundu. Hawakuusifu uso, ambao ndio ulionitoa jasho, wala mikono. Waliisifu nyekundu ya kisutu, iliyokuwa nzito na yenye kina, rangi ambayo wenyewe tunaiita damu ya mzee, na ambayo kwenye mikunjo iliyopigwa na mwanga iligeuka waridi changa. Picha ililikabili dirisha la magharibi. Niliitundika hapo makusudi, ili jua la alasiri liingie na kuiwasha.

Bibi alifariki mwaka 2004. Mwaka 2012, tulipokuwa tukipaka chokaa ukumbi kwa ajili ya kuipokea Ramadhani, shangazi yangu aliishusha picha, na fremu, ambayo mchwa walikuwa wamekwisha kuila, ikaachia mikononi mwake. Akaniita.

"Njoo, mwanangu, uone maajabu."

Kwenye ukingo wa turubai, pale palipokuwa pamefunikwa na mdomo wa fremu, ulikuwapo ukanda wa nyekundu usiofikia upana wa kidole. Ilikuwa damu ya mzee, mbichi, kama iliyopakwa jana. Kandoye, kisutu kilichosalia kilikuwa na rangi ya maziwa yaliyoangukiwa na tone la sharubati. Mikunjo iliyokuwa ya waridi haikuwa na waridi tena. Ilikuwa kijivu cheupe. Weusi ulibaki, na uso ulibaki, na mkeka ulibaki. Nyekundu ndiyo iliyoondoka.

"Kumbe kisutu cha mama kilikuwa hivi!" alisema shangazi. Hakusema kwa kulaumu. Alikuwa akifurahi, kama mtu aliyeokota kitu cha marehemu nyuma ya kabati. Aliyefedheheka ni mimi, kwa sababu niliishi na picha ile, nikila na kuzungumza mbele yake kwa miaka 13, na sikuona. Kupauka hakuna kishindo. Kila siku jicho huilinganisha rangi ya leo na ya jana, na baina ya leo na jana hapana tofauti. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na siku ile nilielewa kuwa methali ile yaweza kuchukuliwa neno kwa neno.

Mimi si mtu wa kutupa vitu. Ndani ya kasha la bati nilikuwa bado na tyubu ile, imekunjwa hadi shingoni. Mbele yake palikuwa na jina la kupendeza la wekundu, lililoandikwa kwa herufi za dhahabu. Nyuma, kwa maandishi madogo kama miguu ya sisimizi, palikuwa na herufi mbili na tarakimu mbili: PR83. Niliinunua katika duka moja la mjini pamoja na nyingine kumi na moja, katika seti iliyotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi, na nilichagua kama mtu achaguavyo tunda, kwa kutazama tu. Miaka yote ile herufi zile zilikuwa zikiniambia habari ya kisutu cha Bibi, na mimi sikuzisoma.

Naomba msomaji anivumilie nieleze maana yake, kwani laiti ningalielezwa mimi wakati ule, nisingaliandika makala haya. Rangi ya mafuta ni vitu viwili: unga wa rangi, ambao wataalamu huuita pigmenti, na mafuta ya kuufungia, aghalabu ya mbegu za kitani. Mafuta hayo hayakauki kwa kupotea hewani kama maji. Hunywa oksijeni ya hewa na kugeuka ngozi ngumu inayoushika unga. Kwa hiyo, anayenunua rangi ananunua unga, na kuujua unga ndiko kuijua rangi. Tangu miaka ya 1920 iko fahirisi iitwayo Colour Index, iliyoasisiwa na chama cha wataalamu wa rangi cha Uingereza, ambayo humpa kila unga alama yake. P ni pigmenti. Herufi inayofuata ni ya jina la rangi kwa Kiingereza, R kwa nyekundu, B kwa buluu, Y kwa manjano, G kwa kijani, V kwa zambarau, W kwa nyeupe. Kisha hufuata namba ya unga wenyewe.

Jina la mbele ya tyubu ni lakabu, na kila mtengenezaji huipa rangi yake lakabu aitakayo. Alama ya nyuma ni nasaba. Tyubu mbili zenye jina moja zaweza kuwa hazina undugu wowote, na mbili zenye majina yasiyofanana zaweza kuwa mapacha waliovishwa nguo tofauti. Ukikuta neno hue limefuatishwa baada ya jina la madini ya ghali, kama kobalti au kadimiamu, elewa kuwa madini hayo hayamo. Umeuziwa sura yake. Huenda sura hiyo ikawa njema, ila ni wajibu wako kujua umenunua nini. Na ukikuta alama tatu au nne katika tyubu moja, jua kuwa umenunua mchanganyiko, nao ukichanganywa tena na wenziwe hugeuka matope upesi.

Basi PR83 ni nani? Ni alizarini. Asili yake ni mizizi ya mmea uitwao Rubia tinctorum, uliolimwa kwa karne nyingi Asia na Ulaya kwa ajili ya kutia nguo rangi. Mwaka 1868 wanakemia wawili wa Ujerumani, Carl Graebe na Carl Liebermann, waligundua namna ya kuitengeneza bila mmea, kutokana na kitu kinachopatikana katika lami ya makaa ya mawe. Alizarini ni rangi ya nguo, haina mwili wake yenyewe. Hubidi ifungwe juu ya unga mweupe ndipo iwe pigmenti. Wachoraji waliipenda kwa kile kina chake, ambacho nami kilinipumbaza. Katika kipimo cha Marekani kiitwacho ASTM, ambacho hupanga ustahimilivu wa rangi mbele ya nuru kwa daraja tano, I ikiwa ndiyo bora na V ndiyo duni, alizarini katika mafuta hupewa daraja la III. Kwa kazi inayokusudiwa kudumu hukubaliwa I na II. Nyuma ya tyubu yangu hapakuandikwa daraja lolote. Leo nikikuta kimya cha namna hiyo naurudisha mzigo rafuni.

Jambo lililonichoma zaidi ni kwamba elimu hii ilikuwamo nyumbani. Nilipokuwa na miaka minane nilijimwagia mchuzi kwenye kanzu mpya asubuhi ya Idi. Bibi aliivua kanzu mwilini mwangu, akaifua kwa sabuni, na doa la manjano likageuka jekundu kama damu. Nikazidi kulia. "Nyamaza," aliniambia. "Manjano hayana ujanja mbele ya jua." Akaianika juu ya paa, doa likiwa limeelekezwa mbinguni, na kabla ya Magharibi kanzu ilikuwa nyeupe. Sikujua wakati ule kwamba sabuni, kwa asili yake ya magadi, huigeuza bizari ya manjano kuwa nyekundu, wala kwamba nuru ya jua huzivunja molekuli za rangi ile hata zisiweze tena kuonekana. Bibi naye hakuyajua maneno hayo, lakini alilijua jambo lenyewe. Kanga zake za thamani hazikuanikwa juani ila kwa upande wa ndani, kisha zilikunjwa na kuwekwa sandukuni pamoja na karafuu. Na mimi, mjukuu wake, nilikichukua kisutu chake nikakianika juani kwa miaka 13, upande wa nje.

Sikuwa wa kwanza, na nakiri kuwa nilitafuta faraja kwa wakubwa. Joshua Reynolds, mchoraji mashuhuri wa Uingereza aliyefariki mwaka 1792, aliwapaka wateja wake mashavu kwa nyekundu ya wadudu na mimea, na mashavu hayo yakapauka yeye mwenyewe akiwa hai. Vincent van Gogh alichora chumba chake cha kulala huko Arles mwezi wa Oktoba 1888, na katika barua aliyomwandikia nduguye Theo alisema kuta ni za urujuani. Leo atazamaye picha hiyo huona kuta za buluu, kwa sababu nyekundu iliyochanganywa na buluu ile imekwisha kufa. Mawaridi aliyoyachora mwaka 1890, ambayo yako Washington, yalikuwa mekundu mepesi. Sasa ni meupe. Naye van Gogh hakudanganywa na muuza duka, kwani alijua kuwa rangi zile hazidumu na alimwandikia nduguye hivyo. Tofauti yetu ni kwamba yeye alijua akachagua, nami nilichagua bila kujua.

Mwaka ule ule wa 1888 wataalamu wawili, Russell na Abney, walitoa mjini London taarifa ya majaribio yao juu ya nuru na rangi za maji. Walizifungia karatasi zilizopakwa rangi ndani ya mirija ya kioo na kuziweka juani. Zilizokuwa na hewa yenye unyevu zilipauka zaidi. Zilizokuwa na hewa kavu zilipauka kwa uchache. Na zilizotolewa hewa kabisa karibu zote zilisalimika. Nilipoisoma habari hiyo niliinua macho nikautazama ukuta wetu wa mawe ya matumbawe, unaotoa jasho tangu masika hadi vuli. Hapa tuko digrii sita tu kusini mwa Ikweta, bahari iko nyuma ya nyumba, na unyevu hauondoki hata kiangazi. Rangi inayoweza kumaliza maisha ya watu wawili katika chumba chenye giza cha Ulaya haipaswi kupewa ahadi hiyo hiyo Unguja.

Iko sababu nyingine iliyoifanya mikunjo ya waridi ife kabla ya vivuli. Rangi nzito ina akiba: tabaka la juu likifa, la chini lipo. Rangi iliyotiwa nyeupe nyingi, au iliyopakwa nyembamba kama mvuke, haina akiba yoyote. Chembe zake ni chache, zimetawanyika, na kila moja imekutana na nuru peke yake. Nami kisutu nilikipaka kwa namna zote mbili, vivuli kwa wembamba na mikunjo kwa nyeupe.

Hapo naingia katika sifa nyingine ya rangi, nayo ni uwezo wake wa kuziba kilicho chini. Watengenezaji waaminifu huionyesha kwa mraba mdogo: uliojazwa wino ni rangi yenye kuziba, mtupu ni rangi angavu, uliokatwa katikati ni baina ya hizo. Kanuni yake kila mtoto wa hapa anaijua bila ya kuisoma. Kanzu nyeupe ikiwa kavu huuficha mwili. Ikilowa, mwili huonekana. Nyuzi ni zile zile. Nuru inapotoka hewani na kuingia katika uzi hupinda na kutawanyika, na huko kutawanyika ndiko tunakokuita weupe. Maji yakishika nafasi ya hewa, nuru hupita bila ya kupinda sana. Wanafizikia wamelipa jambo hili kipimo: hewa ni 1, mafuta ya kitani ni karibu 1.48. Unga wenye kipimo kilicho mbali na cha mafuta huziba, na ulio karibu nacho hupitisha nuru. Nyeupe ya titani, PW6, hufikia 2.7, na ndiyo maana hufunika kila kitu. Ultramarini, PB29, ni karibu 1.5, na ndiyo maana ndani ya mafuta huwa na kina kama maji ya mkondo. Chaki haifiki hata 1.7: ukutani ni nyeupe ya kuumiza macho, lakini ndani ya mafuta hupotea kama sukari kwenye chai.

Nilipolifahamu hili niliufahamu pia ujanja wa rangi za rahisi. Chaki na unga mwingine wa namna hiyo hutiwa ndani ya tyubu kujaza nafasi, na kwa kuwa ndani ya mafuta hauonekani, mnunuzi hajui kuwa sehemu ya fedha yake imelipia kitu ambacho si rangi. Hulijua baadaye, anapotia kidogo ya rangi hiyo katika nyeupe na kuona haina nguvu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tyubu ya daraja la wasanii bei yake huumiza, na haiwi moja kwa rangi zote, kwani kobalti na kadimiamu ni ghali tangu zinakotoka. Lakini udongo na kutu ni rahisi hata katika daraja hilo la juu, na hizo ndizo rangi zenye umri mrefu kuliko zote. Wekundu wa michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ni wa udongo wenye kutu ya chuma. Chuma kilichokwisha kuliwa na kutu, jua litakila nini tena?

Fundi aliyenifunza kushika brashi alikuwa na methali aliyoipenda: mchagua jembe si mkulima. Kila tulipolalamika juu ya rangi mbovu alitupiga nayo. Kwa miaka mingi niliiona kuwa hekima, na kwa sehemu ni hekima. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, hakuwa na tyubu wala turubai. Alichora kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli juu ya mbao za karatasi ngumu, akaanzisha mtindo uliobeba jina lake duniani kote. Angalisubiri kobalti, tusingalimjua. Mwenye jembe moja hana la kuchagua, naye huheshimiwa kwa kulima. Lakini mimi nilikuwa na uwezo wa kuchagua. Fedha niliyotumia kununua tyubu kumi na mbili za wanafunzi ingalitosha kununua nne njema, na kwa nne njema mtu huchora karibu kila kitu. Nilitaka wingi. Kisha nikajificha nyuma ya methali.

Na sikumdhulumu Bibi peke yake. Kati ya mwaka 1999 na 2012 niliuza picha nyingi kwa wageni: majahazi, milango ya nakshi, na jua likizama nyuma ya Chumbe. Kila machweo niliyoyauza yalikuwa na alizarini iliyochanganywa na nyeupe, kwani hakuna rangi iliyonipa wingu la Magharibi kwa wepesi kama ile. Picha zile zimetawanyika katika nyumba za watu nisiowajua, katika nchi nisizozifika. Naamini mawingu yake yamegeuka kijivu, na wenyewe wanadhani ndivyo jua linavyozama Unguja. Fedha zao nimekwisha kuzila, na sina njia ya kuwarejeshea chochote.

Kabla ya kugusa turubai nyingine nilifanya jaribio, la kimaskini lakini la kweli. Nilikata vipande vya karatasi nzito, nikavipaka rangi zote nilizokuwa nazo na nyingine nilizoazima kwa wenzangu, kila moja kwa namna mbili: yenyewe safi, na ikiwa imetiwa nyeupe. Nusu ya kila kipande niliifunika kwa karatasi ya fedha, ile ya kufungia chakula, nikavibandika kwenye kioo cha dirisha la magharibi, nikaandika tarehe. Wenye maabara hutumia vitambaa nane vya sufi ya buluu, vilivyotiwa rangi kwa namna ambayo kila kimoja huchukua muda wa karibu mara mbili ya mwenziwe hadi kupauka, na kwa hivyo huupima umri wa rangi yoyote. Mimi nilikuwa na dirisha na subira.

Baada ya mwezi mmoja zambarau moja isiyokuwa na alama yoyote ilikuwa imetoweka. Baada ya miezi sita alizarini yenye nyeupe ilionyesha mpaka uliokatika kama kwa wembe, upande mmoja waridi, wa pili majivu. Nyekundu ya kutu, PR101, haikutikisika. Ultramarini haikutikisika, nayo ni buluu ile ile ambayo Bibi aliitia katika maji ya kusuuzia kanzu, iliyotokana na ugunduzi wa Mfaransa Guimet mwaka 1828. Kabla ya hapo ilipatikana kwa kusaga jiwe la Badakhshan lililouzwa kwa thamani kama ya dhahabu. Nyekundu mbili za maabara, PV19, ya ukoo wa kwinakridoni ulioanza kuuzwa mwaka 1958, na PR179, iliyo karibu mno na damu ya mzee, zote mbili zilisimama imara. Nilivibandua vipande vile nikamwonyesha shangazi. Alivitazama kimoja kimoja, akasema, "Kama ungaliniuliza mimi, ningalikwambia uanike."

Nyumbani palitokea mzozo. Ami yangu, ambaye ni mtu wa kumaliza mambo, alitaka niipake upya picha ile ile. "Rangi ni rangi," alisema. "Imepotea, irudishe." Shangazi hakutaka kabisa. Alisema yule aliyeko pale alichorwa yeye mwenyewe akiwa amekaa, anapumua, na hapana mkono utakaopita juu yake sasa, hata wangu. Niliona kuwa shangazi ana haki. Ningalipaka nyekundu mpya juu ya mikunjo ile, ningalikuwa nachora kutokana na kumbukumbu, kisha kumsingizia Bibi kuwa aliiona. Nikaamua kuchora picha ya pili.

Tulifungua sanduku. Kisutu chenyewe kilikuwamo, kimekunjwa, kinanukia karafuu zilizokwisha kuwa vumbi, na nyekundu yake ilikuwa sawasawa na ule ukanda wa chini ya fremu. Niliuweka ukanda kando ya nguo mbele ya dirisha na sikuweza kuvitenganisha. Basi nilianza. Chini nilipaka nyekundu ya kutu, yenye kuziba, ili isiwe chini ya kisutu pana weupe mtupu unaongoja kujitokeza. Juu yake, ilipokauka, nilipitisha PR179 kwa vivuli na PV19 kwa mikunjo, zote mbili angavu, ili nuru ipenye na kurejea na wekundu wa chini. Nyeupe nilitumia ya titani. Ya zinki niliiacha, kwa kuwa ndani ya mafuta hukakamaa na kupasuka, na ya risasi niliiacha kwa sababu ni sumu na kuna watoto ndani ya nyumba. Nilinunua tyubu saba tu. Niliuza kamera yangu kuzipata.

Picha ilikamilika mwaka 2014. Ilitundikwa kwenye ukuta wa kaskazini, ambao jua haliugusi moja kwa moja wakati wowote wa mwaka kwa kuwa dirisha lake linatazama ua wenye kivuli. Ya zamani tuliihamishia kwenye ujia wa kwenda chumba cha shangazi, na juu yake pana taa ndogo isiyowashwa ila usiku.

Siku ya kuitundika nilimwita shangazi aione. Alisimama muda mrefu. Aligusa fremu, hakugusa rangi. "Hiki ndicho kisutu," alisema. Kisha akageuka kuelekea ujiani. "Lakini yule wa kule ndiye mama."

Sikuwa na la kujibu, kwani alisema kweli. Katika picha ya pili rangi ni sahihi na mikono ni mizuri zaidi kuliko niliyoweza kuichora mwaka 1999, lakini mwenye mikono hakuwapo kuniuliza kama nimekwisha. Mara nyingine, usiku, nampita shangazi amesimama ujiani mbele ya kile kisutu cha kijivu, nami hupita polepole nisimsumbue.

Nyuma ya turubai ya pili nimeandika kwa kalamu ya risasi tarehe, jina la Bibi, na alama za rangi zote nilizotumia, moja chini ya nyingine, kama watu wanavyoandika nasaba kwenye jalada la Msahafu. Chini yake nimegundisha kipande cha karatasi kilichopakwa rangi hizo hizo, ambacho hakitaona jua. Binti wa dada yangu, aliyekuwa na miaka sita wakati huo, aliniuliza kile kipande ni cha nani. Nikamwambia ni chake, akikua aje aigeuze picha, alinganishe mbele na nyuma, na akiona tofauti aniambie, au awaambie watakaokuwapo. Mwaka jana aliigeuza. Alinganisha kwa muda, akatikisa kichwa kuwa hakuna, akairudisha ukutani, akaniuliza mbona Bibi hatazami watu.